Sensa ya ndege Nakuru: Kwa nini hesabu ya ziwa moja haitoshi

Kila mwaka ifikapo Januari, watu waliobeba darubini, kalamu na karatasi huamka alfajiri na kutawanyika kandokando ya Ziwa Nakuru nchini Kenya, ubavuni mwa jiji lenye jina hilohilo. Wamo watumishi wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo. Pamoja nao wamo watu wa kujitolea, ambao bila wao kazi hiyo isingekamilika. Hawalipwi mshahara. Wanakwenda kuhesabu ndege wa majini.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Ufuo hugawanywa vipande, na kila kundi hupewa kipande chake ili ndege yuleyule asihesabiwe mara mbili. Mmoja hutazama na kutaja, mwingine huandika. Ndege wakiwa wachache, huhesabiwa mmoja mmoja. Wakiwa maelfu, mhesabuji huhesabu kwanza kundi dogo, tuseme la ndege 100, kisha hukadiria ni makundi mangapi ya ukubwa huo yaliyomo katika kundi zima. Hayo ni makadirio, lakini kwa kuwa hufanywa kwa njia ileile kila mwaka, yanaweza kulinganishwa.

Takwimu hizo huingia katika Sensa ya Kimataifa ya Ndege wa Majini, inayoratibiwa na shirika la Wetlands International. Sensa hiyo ilianza mwaka 1967 huko Ulaya, na upande wa Afrika ikaanza mwaka 1991.

Tarakimu zenye uzito wa kisheria

Chini ya Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ardhioevu inaweza kutambuliwa kuwa na umuhimu wa kimataifa iwapo mara kwa mara inahifadhi ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani. Sharti hilo haliwezi kuthibitishwa bila mtu kusimama ufuoni na kuhesabu. Ziwa Nakuru liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 1990, likiwa la kwanza nchini Kenya. Mwaka 2011 liliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia, pamoja na maziwa ya Elementaita na Bogoria.

Tangu lilipopewa hadhi hizo, ziwa lenyewe limebadilika. Zamani heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo, waliweza kufika zaidi ya milioni moja hapo kwa wakati mmoja, wakifuata mwani unaostawi katika maji ya magadi. Kuanzia takriban mwaka 2010 maji yalianza kupanda, yakafunika barabara za hifadhi na lango lake kuu, na kuzihamisha familia zilizokuwa zikiishi karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Current Biology, uliotumia picha za satelaiti, ulibaini kwamba eneo la ziwa hilo liliongezeka kwa asilimia 91 kati ya mwaka 2009 na 2022, huku kiwango cha wastani cha klorofili, kinachoashiria wingi wa mwani, kikipungua kwa nusu. Chakula kilipopungua, heroe wengi walihama.

Hapo ndipo takwimu zinapoweza kupotosha. Anayesoma hesabu ya Nakuru peke yake anaweza kudhani kwamba ndege wameangamia. Anayesoma hesabu ya Bogoria peke yake, katika mwaka ambao ndege wamehamia huko, anaweza kushangilia ongezeko lisilokuwapo. Wote wawili watakuwa wamekosea. Ndiyo maana ni muhimu maziwa ya Bonde la Ufa yahesabiwe katika siku zinazokaribiana na matokeo yake yasomwe kwa pamoja.

Jiji na ziwa lake

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Desemba mwaka 2021. Maji kutoka mitambo yake ya majitaka huishia katika ziwa hilo, ambalo halina mto unaotoka. Kwa sababu hiyo, kila ndege wanapopungua huzuka mabishano: je, chanzo ni mvua nyingi, uharibifu wa misitu kwenye vyanzo vya mito, au uchafu wa jiji?

Sensa haiwezi kumaliza mabishano hayo peke yake, lakini inaweza kuyaongoza. Heroe wakipungua huku mwari na ndege wengine wanaokula samaki wakiongezeka, hiyo ni dalili kwamba magadi yanazimuliwa na maji baridi. Ndege wa kila namna wakipungua kwa pamoja, swali linalofuata linapaswa kuelekezwa kwenye ubora wa maji, na wenye jiji ndio wa kulijibu. Ili kutofautisha hali hizo mbili, zinahitajika kumbukumbu za miaka mingi zisizokatika.

Natron, upande wa pili wa mpaka

Kwa Tanzania, suala hili si habari ya jirani tu. Takriban asilimia 75 ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa katika Ziwa Natron, mkoani Arusha. Huko kila jozi hujenga kiota cha tope na kutaga yai moja. Nakuru na maziwa mengine ya Kenya yamekuwa ghala la chakula, na Natron ndiyo nyumba ya uzazi. Ghala likiwa tupu, watakaorudi kuzaa watapungua. Natron ikivurugwa, Nakuru haitakuwa na ndege wa kuhesabu. Hoja hiyo ilisikika pia wakati wa mjadala wa mwaka 2007 na 2008 kuhusu mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron.

Nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Ramsar na wa makubaliano ya kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, AEWA. Kwa hiyo msingi wa kushirikiana upo. Kinachotia shaka ni uimara wa kazi yenyewe. Watu wa kujitolea hawadai mshahara, lakini wanahitaji usafiri, darubini na mafunzo, na barabara za ufuoni zikizama wanahitaji pia boti. Mwaka mmoja ukirukwa kwa kukosa fedha, hakuna atakayeweza kurudi nyuma kuhesabu ndege wa mwaka huo.

Iwapo heroe watazidi kuyaacha maziwa waliyoyazoea, swali la kwanza litakuwa wamekwenda wapi. Kenya haiwezi kulijibu kwa karatasi za Nakuru pekee, wala Tanzania kwa karatasi za Natron pekee.