Kung'atuka si kung'olewa

Basi la kutoka Mwanza kwenda Musoma likifika Bunda, konda huwaita wanaoshuka. Makutano, pale barabara ya Butiama inapochepuka, huwaita tena. Watu hushuka, wengine hupanda, gari huondoka. Kiswahili kina vitenzi vya mwendo vya kumtosha kila abiria. Kimoja tu hakuna abiria anayekihitaji, ingawa chimbuko lake ni nchi hiyohiyo anayoipita: kung'atuka.

Aliyekieneza anajulikana. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikichukua katika lugha ya nyumbani kwao alipokuwa akijiandaa kuacha urais. Novemba 5, 1985 alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi, akarudi Butiama. Neno likabaki kwa Watanzania wote, na baadaye kwa Wakenya pia.

Kwa nini hakutosheka na maneno yaliyokuwapo? Kustaafu kulikuwapo, neno la asili ya Kiarabu ambalo mzizi wake unahusu kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Kujiuzulu nako kulikuwapo, pia kutoka Kiarabu, na ndani yake mna kuondolewa na kutengwa. Nyerere mwenyewe alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Waingereza husema *retire*, neno walilolipata kwa Wafaransa, lenye maana ya kujivuta nyuma. Katika karne ya 16 lilisemwa hata kwa majeshi yanayorudi nyuma. Anayestaafu anaomba ruhusa, anayejiuzulu anajitenga, naye Mwingereza anajivuta nyuma. Katika maneno yote hayo macho yako kwa yule anayeondoka.

Kung'atuka kunamtazama anayefuata. Kwa Wazanaki, na kwa majirani zao kama Waikizu wa upande wa Bunda, mambo ya jamii yaliongozwa kwa marika. Rika lililokuwa na dhamana halikuishikilia hadi kufa. Wakati wake ulipofika lilikabidhi kwa rika la chini yake, kwa sherehe, mchana kweupe, na waliokabidhi wakabaki wazee wa kuombwa ushauri. Kuondoka kwao hakukuwa fedheha wala ugonjwa wala kushindwa. Ilikuwa zamu.

Wapo wanaosema kwamba kitenzi hiki ni Kiswahili tangu zamani, kwa kuwa tuna kung'ata. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Tunafunga, tunafungua, kitu kinafunguka. Tunakunja, tunakunjua, kinakunjuka. Kwa mwendo huohuo, aliyeng'ata anaweza kung'atua, yaani kuachia alichokishika kwa meno. Kizanaki na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na bila shaka umbo hilo lilisaidia: msikilizaji wa Tanga au Lindi, ambaye hajawahi kusikia Kizanaki, aliposikia kung'atuka hakuhitaji mkalimani. Lakini umbo haliwezi kueleza heshima iliyomo. Hiyo ilitoka mkoani Mara, kwenye desturi ya marika.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais tu. Uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi 1990, katika nchi ya chama kimoja ambamo chama ndicho kilichoshika hatamu. Kwa kipimo cha wazee wa Kizanaki, makabidhiano yalikamilika mwaka 1990. Hata hivyo, marais wa Afrika waliokuwa wameacha madaraka kwa hiari yao kabla yake walihesabika kwa vidole, kama Léopold Sédar Senghor wa Senegal mwishoni mwa 1980 na Ahmadou Ahidjo wa Kamerun mwaka 1982. Na nyumbani, marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984 yaliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais. Tangu hapo zamu ya rais imeandikwa katika sheria.

Kinachosikitisha ni jinsi kitenzi hiki kinavyotumika sasa. Mtawala anafukuzwa na maandamano, au anazingirwa na wanajeshi wake mwenyewe, na taarifa ya habari inasema "ameng'atuka". Kocha anatimuliwa na klabu, naye "ameng'atuka". Lugha hubadilika, hilo halina ubishi. Ila hapa tunapoteza tofauti tunayoihitaji sana: kati ya aliyeachia na aliyenyang'anywa. Robert Mugabe wa Zimbabwe aliandika barua ya kujiuzulu Novemba 21, 2017, wakati Bunge lilipokuwa limekwisha kuanza kumjadili ili limwondoe na jeshi likiwa limeshika mji. Kumwita mtu wa namna hiyo aliyeng'atuka ni kumpa sifa ambayo hakuichuma.

Wahariri wa habari wana maneno tele ya kutumia: ameondolewa, ameng'olewa, ametimuliwa, amelazimishwa kujiuzulu. Wayatumie. Nao wanaotunga kamusi wafunge safari hadi Butiama, wakae na wazee wanaokisema Kizanaki vizuri, wawaulize kung'atuka kulikuwa nini kwao, kulifanyika vipi na nani alikabidhi nini kwa nani, kisha wayaandike maelezo hayo chini ya neno hilo wakati wazee hao wangali hai.