PUMZI ZIHESABIWE MLANGONI

Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa huandikishwa na karani, huketi kwenye benchi, kisha hungoja zamu yake nyuma ya aliyetangulia kufika. Kwa mwenye jino bovu utaratibu huo ni wa haki. Kwa mama aliyejifungua juma lililopita, ambaye sasa ana homa, anahema upesi na maneno yake yameanza kuchanganyika, waweza kuwa hukumu ya kifo.

Mama huyo huenda ana sepsisi, ambayo wengi wetu twaiita sumu ya damu. Vijidudu vimeingia kwa njia ya uzazi, kidonda, mapafu au mkojo, na mwili, katika kupambana navyo, waanza kuviharibu viungo vyake wenyewe. Makadirio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwaka 2017 watu karibu milioni 49 duniani walipata maradhi haya, na milioni 11 wakafa. Wengi mno walikuwa katika nchi zisizo tajiri. Mwaka huo huo wa 2017 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya jambo hili. Maazimio basi tunayo. Sisi twauliza habari za mlangoni.

Dalili zenyewe si siri. Mtu mzima anayevuta pumzi mara 22 au zaidi kwa dakika. Kipimo cha juu cha presha yake kimeshuka hadi 100 au chini. Akili yake imebadilika. Mwenye mbili kati ya hizo asiachwe benchini. Wala isingojewe homa, kwani mzee na mtoto mchanga waweza kuwa wa baridi hali wanakufa. Na pumzi, ambayo kuihesabu hakuhitaji ila macho na saa yenye mshale wa sekunde, ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Si ajabu kukuta kila faili limeandikwa 20, kana kwamba wodi nzima inavuta pumzi kwa amri moja!

Hatusemi kwamba wauguzi ni wavivu. Muuguzi aliye peke yake mbele ya umati hawezi kuhesabu pumzi za kila mtu na papo hapo kuchoma sindano na kufunga vidonda. Ndiyo maana twataka kila zamu awekwe mtu maalumu wa kazi hiyo, awapime wagonjwa kabla karani hajashika kalamu, tena awe na mamlaka ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari bila kuomba ruhusa ya mtu. Asipokuwa na mamlaka hayo, hesabu yake ni pambo.

Lakini tusinakili kila kitu cha wenzetu. Utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu, uliofanywa Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, ulitoa matokeo mwaka 2011. Waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama ilivyokuwa kawaida katika nchi tajiri, walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiopewa walikufa 7. Hata dalili zile tatu, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 umeonya zisitegemewe peke yake. Jicho la muuguzi mzoefu, na neno la mama asemaye "mwanangu leo si yule", yana uzito wake.

Tena kumtambua mgonjwa bila dawa ni kumtazama akifa. Ambaye presha imekwisha anguka kwa sepsisi anatakiwa apewe dawa ya kuua vijidudu ndani ya saa moja, na saa hiyo haitoshi kumtuma ndugu yake akazunguke maduka ya mjini na cheti mkononi.

Wanachama mlio katika kamati za zahanati na vituo vya afya, kabla ya kikao kijacho nendeni mkaketi kwenye benchi lile asubuhi ya Jumatatu, mkiwa na saa zenu. Tazameni ni nani anayehesabiwa pumzi, na ni nani anayemhesabu. Kisha mwulizeni mganga mkuu sindano za dharura zinafungiwa wapi, na ufunguo hukaa na nani usiku.