Maandishi ya Serikali Yana Mwenyewe

Kijana wa Shinyalu, Kakamega, ukitaka kuandika habari za kwenu katika Wikipedia ya Kiswahili, fanya hima, maana habari za Isukha, nchi ya Waisukha, humo ni haba. Lakini kabla hujaufungua mpango wa maendeleo wa Kaunti ya Kakamega ukazinakili kurasa zake na kuzibandika, nisikilize.

Wengi husema: hati hii imeandikwa kwa kodi yetu, basi ni yetu sote. Laiti ingekuwa hivyo. Marekani ndivyo ilivyo kwa kazi za watumishi wa serikali kuu. Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaipa serikali haki juu ya maandishi yake kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka yalipochapishwa. Wikipedia nayo haipokei ila maandishi ambayo yeyote aweza kuyatumia, hata kwa biashara. Wala usijidanganye kwamba ukiyatoa katika Kiingereza ukayatia katika Kiswahili yamekuwa yako. Haki ya kutafsiri pia ni ya mwenye maandishi.

Mlango upo. Sheria hiyohiyo haizihesabu sheria za nchi wala hukumu za mahakama kuwa kazi zenye hakimiliki. Chukua Tangazo la Kisheria Nambari 14 la mwaka 2012, lililoweka mipaka ya maeneo bunge na wadi. Humo zimo wadi sita za Shinyalu: Isukha Kaskazini, Kati, Kusini, Mashariki na Magharibi, pamoja na Murhanda. Hizo zinakili bila hofu. Hesabu nazo hazina mwenyewe: sensa ya 2019 ilipata watu 1,867,579 katika kaunti nzima, nawe waweza kuitaja idadi hiyo, mradi useme umeitoa wapi.

Hata ruhusa ingekuwapo, mimi ningekukataza kubandika. Hati ya mpango husema barabara itajengwa, zahanati itafunguliwa. Miaka mitano baadaye msomaji aliye Mombasa au Muscat ataamini kuwa vyote vipo. Tena serikali hujisifu katika hati zake, na sifa hizo si kazi ya kamusi elezo kuzitangaza.

Tazama, kwa mfano, isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Katika hati ya UNESCO utasoma kwamba ngoma hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikifuatana na pembe ya swala na manyanga ya chuma. Soma, ifunge hati, uandike kwa maneno yako, utaje chanzo. Kisha zipige picha wewe mwenyewe, arusini au matangani, kwa idhini ya wenyeji. Picha hizo ni zako, na waweza kuzitoa kwa leseni huru bila kumwomba afisa yeyote.

Nanyi wakuu wa kaunti mlioko Kakamega, wekeni katika ukurasa wa kwanza wa kila hati mstari mmoja unaomruhusu yeyote kuitumia na kuieneza kwa kutaja chanzo. Hauhitaji bajeti. Uandikeni mwaka huu.