Kioo cha Gari Kikikwama: Ufundi si Aibu kwa Muungwana

KATIKA maudhi yanayowapata wenye magari siku hizi, dogo lenye udhia mkubwa ni kioo cha umeme kilichokataa kupanda. Injini inaunguruma, breki zinashika, taa zinawaka, lakini mwenye gari hana raha wala amani. Na wengi wetu watu wa pwani tukifikwa na jambo hili hufanya moja kati ya mawili: ama tunaliziba dirisha kwa nailoni, au tunamkabidhi makanika ufunguo na kukaa chini ya mwembe tukingoja bei atakayoitaja. La tatu, la kuufungua mlango tukatazama wenyewe, halitujii akilini. Hilo ndilo ninalotaka kulisemea leo.

Uzito wa jambo hili haujulikani sana mjini, ambako gereji ziko kila kichochoro. Unajulikana safarini. Msafiri akitoka Mombasa, akaiacha barabara kuu ya Nairobi pale Kibwezi, akapita Mutomo hadi mji wa Kitui, kisha akashika njia ya Machakos, atafika Kwa Vonza. Wazazi wenye watoto katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013, wanapajua. Ni nchi ya ukame, yenye jua lisilo na huruma na vumbi jekundu linaloingia hata puani mwa aliyelala. Kioo kikikwama chini, vumbi lote ni lako. Na zikinyesha mvua za vuli, maji nayo ni yako. Kikikwama juu, utaokwa kama mkate. Na soko la Kwa Vonza ni dogo. Spea ya gari lako huenda ikabidi kufuatwa Kitui, Machakos, au Kirinyaga Road kule Nairobi. Mwenye kujua atakipandisha kioo chake kwa hila ndogo akaendelea na safari. Asiyejua ataliacha gari wazi usiku kucha, mizigo imo ndani.

Nasi magari yetu mengi si mapya. Yanashuka bandarini Kilindini kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko, kwa kuwa sheria ya Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Likishafika hapa tunaliendesha miaka kumi au ishirini mingine. Basi plastiki ya mlangoni kuvunjika si ajabu. Ajabu ni sisi kushangaa.

Na hicho tunachokiogopa ni kitu gani hasa? Kampuni ya Packard ya Marekani ilitia madirisha ya kujiendesha katika magari yake mwaka 1940, na akili ya jambo lenyewe si ngumu. Mtu wa pwani aliyewahi kuona tanga likitwekwa anakwisha kuijua nusu yake. Mabaharia wavutapo henza, kamba hupita katika gofia juu ya mlingoti, na foromali hupanda na tanga lake. Ndani ya mlango wa gari ni vivyo hivyo: mota huzungusha gurudumu dogo, gurudumu huvuta uzi wa chuma, uzi hupita katika makapi, na kioo kilichobanwa kwenye uzi hupanda. Magari mengine, badala ya uzi, yana mikono ya chuma inayopishana kama mkasi. Ni jahazi dogo lililofichwa nyuma ya kitambaa.

Kabla ya kushika bisibisi, tumia masikio. Bonyeza swichi usikilize. Ukisikia mota inalia lakini kioo hakisogei, umeme una salama. Uzi umekatika au kibanio kimevunjika. Kioo kikipanda polepole na kusitasita, mara nyingi lawama ni ya mpira wa pembeni uliojaa vumbi. Usafishe kwa kitambaa, kisha utie dawa ya silikoni. Usitie mafuta ya injini wala grisi, kwani hukusanya vumbi na kuuharibu mpira.

Pakiwa kimya kabisa, tazama je, ni madirisha yote au ni moja. Yakiwa yote, angalia fyuzi, na angalia kile kitufe cha mlangoni pa dereva kinachofunga madirisha ya abiria. Watu wamelipa pesa kwa kitufe kilichobonyezwa na mtoto. Likiwa moja, lijaribu kwa swichi yake na kwa swichi ya dereva. Ikiwa moja inafanya kazi na nyingine haifanyi, ubaya umo swichini au katika waya wake. Kisha washa taa ya ndani ya gari na ubonyeze tena: taa ikififia kidogo, umeme unafika lakini mota imeshikwa. Isipotikisika, chunguza nyaya zinazopita katika mpira penye bawaba za mlango, maana kila mlango ufunguliwapo hukunjwa, na siku moja hukatika. Na mota iliyochakaa pengine huamka ukigonga mlango kwa ngumi huku umebonyeza swichi. Hiyo ni hila ya kukufikisha nyumbani, si tiba.

Ikibidi kuufungua mlango, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri, usubiri kidogo, hasa ikiwa gari lina mifuko ya hewa ya pembeni. Kitabu cha gari kitakwambia kama ipo. Kisha tafuta skurubu zilizofichwa nyuma ya kishikio na chini ya pa kuegeshea mkono, na uvute ubao wa mlango taratibu, kibanio kimoja kimoja. Ile nailoni utakayoikuta usiichane, kwani ndiyo inayozuia maji na vumbi. Kibandike kioo juu kwa gundi ya karatasi yenye nguvu kabla ya kulegeza chochote, kisije kikakuangukia. Na usitie vidole penye uzi au mikono ya chuma wakati mwenzio yuko karibu na swichi. Nguvu ya mota hiyo huvunja kidole, na kwa mtoto ni hatari zaidi.

Najua atakuwako wa kuniuliza: “Na fundi naye ale nini?” Jibu ni kwamba sisemi tuwakimbie mafundi. Mota iliyoungua itataka mkono wake, na waya uliopotea utataka jicho lake. Nasema tuende kwake tukiwa na maneno. Anayesema “mota inalia, uzi umekatika” hauziwi mota mpya. Fundi mwaminifu humfurahia mteja huyo, kwa kuwa kazi yake inajulikana thamani; asiye mwaminifu ndiye atakayenuna. Ujira wa haki ni amana, lakini ujinga wa mteja nao hufungua mlango wa dhuluma.

Lililo zito zaidi ni ile dhana ya kale iliyobaki miongoni mwetu, kuwa mikono yenye grisi si mikono ya muungwana. Imetoka wapi? Nabii Nuhu alijenga safina. Nabii Daudi alifua deraya za chuma. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, imepokewa kuwa alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake. Kama hao hawakuona haya, sisi tunamwonea nani haya?

Tuwatazame majirani zetu wa huko huko Ukambani. Wamunyu iko katika barabara hiyo hiyo ya Kwa Vonza, upande wa Machakos. Kwao alitoka Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya kwanza vya dunia, vya 1914 hadi 1918, akarudi na ujuzi wa kuchonga, nao ukaenea kijijini kwake. Wenzao wakaja hadi Changamwe, wakaanzisha ushirika wao mwaka 1963, na mpaka leo tunapita tukiwaona na patasi zao. Mtu mmoja alitazama kazi ya wengine kwa makini, akathubutu, na watu wake wakapata riziki.

Neno fundi na neno mwanafunzi ni ndugu, yote yametoka katika kufunda. Basi gari likikorofisha Ijumaa hii baada ya swala, mwite kijana wako, mshikishe tochi, mfungue mlango pamoja. Hata kioo kisipopona siku hiyo, kijana atakuwa amejua kilichomo ndani, wala hatadanganywa tena.