Muuzaji na sababu yake: lipi la kusema, lipi la kusitiri?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumepata swali kutoka kwa dada yetu mmoja, mwenyeji wa Tanga, ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi London akifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akimtunza alifariki, na binti wa marehemu akampa dada yetu kabati zima la wanasesere wa zamani ambao mama yake aliwakusanya maisha yake yote. Ilikuwa zawadi, na alipewa kwa moyo mkunjufu. Sasa dada yetu anataka kuwauza, kwa kuwa baba yake aliyeko Tanga ni mgonjwa na matibabu yanahitaji fedha. Kila anayekuja kuwatazama humwuliza swali moja hata kabla ya kuuliza bei: “Kwa nini unawauza?”

Dada yetu huona haya kutaja ugonjwa wa baba yake mbele ya watu asiowajua. Rafiki yake amempa ushauri: aseme wanasesere hao ni urithi wa bibi yake mzaa mama, kwa sababu wanunuzi hupenda hadithi za namna hiyo na huongeza bei. Anatuuliza mambo mawili. Je, dini inamlazimu kueleza sababu ya kuuza? Na je, kuna ubaya gani katika kusema neno dogo kama hilo?

Ndugu msomaji, usilidharau swali hili kwa kuwa linahusu wanasesere. Kwetu sisi mwanasesere ni kitambaa kilichofungwa kamba, au gunzi la muhindi lililovishwa kipande cha kanga, naye akichakaa hutupwa. Lakini huko Ulaya, Marekani na Japani wako watu wazima wanaowakusanya kama wengine wanavyokusanya stempu na sarafu za kale, na walio adimu huuzwa minadani kwa fedha nyingi. Wapo wa kauri waliotengenezwa Ufaransa katika karne ya 19 na kiwanda cha Jumeau. Yupo Barbie wa kampuni ya Mattel, aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 9 Machi, 1959, na kuuzwa wakati huo kwa dola 3. Yupo pia Blythe, mwenye kichwa kikubwa na macho yanayobadilika rangi kwa kuvuta uzi, aliyetolewa na kampuni ya Kenner ya Marekani mwaka 1972. Soko lilimkataa, akaachwa baada ya mwaka mmoja tu, na uchache huo ndio uliompandisha thamani baadaye.

Ama hukumu ya sanamu za viumbe, wanazuoni wameijadili kwa urefu na wamehitilafiana, na inajulikana katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) wala hakumkataza. Mjadala huo una siku yake. Leo tunazungumzia ulimi wa muuzaji.

Tujiulize kwanza: mnunuzi anayeuliza sababu anatafuta nini? Mara nyingi hatafuti habari za nyumba ya mtu. Anaogopa. Vitu hivi vina aibu zinazojificha. Kichwa cha kauri chaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele, usioonekana mpaka kimulikwe taa kwa ndani. Barbie wa miaka ya mwanzo alivishwa hereni za madini, na baada ya miaka mingi madini hayo huacha doa la kijani masikioni ambalo huenea ndani ya plastiki. Yuko anayelifunika kwa rangi au kwa nywele siku ya mauzo. Wapo waliopakwa rangi upya usoni, waliobadilishwa mikono, na waliokaa katika nyumba ya mvuta sigara mpaka nguo na nywele zao zikashika harufu isiyotoka. Basi mnunuzi anapouliza, “Kwa nini unamwuza?” moyoni mwake anasema, “Niambie kasoro uliyoiona wewe nami sijaiona.”

Hapa sheria yetu iko wazi, wala haingoji mtu aulizwe. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyoloa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tuangalie vizuri: muuzaji yule hakusema uongo wowote. Alinyamaza tu, akaliacha lundo liseme uongo kwa niaba yake. Hiyo ilitosha kuwa ghushi.

Wanazuoni wametaja pia kisa cha Imamu Abu Hanifa (Rahimahullah), aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo. Alimtumia mshirika wake bidhaa, akamjulisha kuwa vazi moja lina kasoro na kwamba ambainishie mnunuzi. Mshirika akasahau, akauza bila kutaja, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Imamu alipopata habari alitoa sadaka thamani yote ya bidhaa ile. Hakubakiza hata sehemu ya nguo zilizokuwa nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: kasoro ya kitu ni haki ya mnunuzi. Ufa, doa, rangi mpya, mkono usio wa asili, vyote hivyo dada yetu avitaje kimoja kimoja, ameulizwa au hakuulizwa. Akificha, mnunuzi ana hiari ya kurudisha kitu na kudai fedha zake, na hiari hiyo fiqhi yetu imeipa mlango wake maalumu.

Jambo la pili ni sababu yenyewe. Hii ni mali ya muuzaji. Hatujaona katika vitabu vya wanazuoni sharti linalosema kuwa biashara haisihi mpaka muuzaji aeleze kilichomsukuma kuuza. Katika mauzo ya kawaida ya kupatana bei, halazimiki hata kutaja alinunua kwa kiasi gani. Hulazimika kutaja mtaji katika yale mauzo yanayoitwa murabaha, ambapo wawili wamekubaliana kuwa faida itahesabiwa juu ya gharama ya awali. Ikiwa mtaji hatakiwi kuutaja, itakuwaje atakiwe kutaja deni, talaka au ugonjwa wa mzazi? Muislamu ameamrishwa kusitiri aibu za mwenzake. Vipi basi akatazwe kusitiri shida zake mwenyewe? Nasi tumefundishwa kuwa katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuacha yasiyomhusu. Mnunuzi akishaambiwa hali ya kitu kwa ukamilifu, lililobaki nyuma ya mlango wa mwenye nyumba halimhusu.

Hata hivyo, kuna mahali sababu na kasoro huwa kitu kimoja, na hapo ukimya hauna tena ruhusa. Tuchukue mfano wa karibu nasi. Mtu anauza nyumba bondeni wakati wa kiangazi. Akiulizwa husema, “Nataka kuhamia karibu na kazini.” Lakini moyoni anajua kuwa anakimbia maji. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoikumba Jangwani na maeneo mengine ya bonde la Msimbazi, hata baadhi ya watu wakahamishiwa Mabwepande. Mwenye nyumba anayeuza kwa sababu ya maji, sababu yake imo ndani ya kuta za nyumba ile ile. Kuificha ni sawa na kuificha nafaka iliyoloa. Vivyo hivyo kwa wanasesere: anayeuza kwa kuwa ameambiwa na mjuzi kuwa kitu chake ni bandia, au kwa kuwa ameona plastiki imeanza kuharibika, hana haki ya kusema “nimechoka kukusanya.” Kipimo ni chepesi. Mtu ajiulize: kama mnunuzi angeijua sababu yangu, je, angekiona kitu hiki kwa jicho lingine? Ikiwa ndiyo, aseme. Ikiwa angeniona mimi tu kwa jicho lingine, ninyamaze nikipenda.

Jambo la tatu ndilo lililotufanya tuchukue kalamu. Kunyamaza ni haki, lakini kusema uongo si haki ya yeyote. Ule ushauri wa rafiki, kwamba dada yetu aseme wanasesere ni urithi wa bibi yake, unaonekana mdogo, nao si mdogo. Katika biashara ya vitu vya kale, asili ya kitu ni sehemu ya kitu. Mnunuzi hulipia kauri na nguo, na pia hulipia safari ya kitu hicho kutoka mkono hadi mkono. Ukimwambia kilikaa katika familia moja tangu kinunuliwe, umemwuzia habari hiyo pamoja na kitu, na ikiwa habari ni ya uongo umemwuzia kisichokuwepo. Hana tofauti na yule anayemwuza Blythe wa mwaka 1972 ilhali anajua ni wa toleo lililotolewa kuanzia mwaka 2001 na kampuni ya Takara ya Japani.

Sheria imewahi kuligusa jambo la aina hii. Mtume (S.A.W.) alikataza kumwacha mnyama bila kukamuliwa siku kadhaa kabla ya kumwuza, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ndiyo maziwa yake ya kila siku, aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari ya kumrudisha. Hadithi ya uongo juu ya bibi mzaa mama ni kiwele kilichofungwa. Imejaa mbele ya mnunuzi, lakini kesho yake haitoi kitu. Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, tunafundishwa kuwa wanaouziana wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Baba mgonjwa anahitaji fedha, lakini zaidi ya fedha anahitaji baraka. Ni dawa gani hiyo tutakayoinunua kwa fedha iliyofutwa baraka?

Wako watakaosema kuwa uwazi kamili ni bora, kwamba dada yetu akieleza yote ataondoa shaka na watu watamhurumia. Tunaheshimu rai hiyo, naye akipenda kueleza hakuna wa kumzuia. Lakini tunahofia mambo mawili. Shida ikishakuwa mtaji wa biashara, wasio na shida nao wataitunga. Tangazo linalosema mwenye mali anasafiri wiki hii tumelisoma mara ngapi, na mwenye mali bado tunamwona mtaani? Pili, si kila anayesikia shida huhurumia. Wengine wakisikia mtu amebanwa hushusha bei mpaka nusu, kwa kuwa wanajua hatakuwa na nguvu ya kukataa.

Na hapa tuna neno kwa wanunuzi. Imesimuliwa kuhusu sahaba Jarir bin Abdullah (R.A.) kwamba farasi aliletwa kwake kwa bei ya dirham 300. Jarir akaona farasi anastahili zaidi, akamwambia mwenyewe hivyo, akawa anaongeza mpaka akalipa 800. Alipoulizwa, alieleza kuwa alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Sisi hatudai kila mtu afike daraja ya Jarir. Lakini tukiijua shida ya muuzaji, angalau tusiigeuze kisu cha kumchinjia. Asiyeweza kuwa mwadilifu akishaijua sababu, na asiiulize.

Tunamjibu basi dada yetu. Bibie, kaa na wanasesere wako, uwatazame mmoja mmoja, uandike kila kasoro unayoiona. Usichokijua, sema hukijui; usidai ni wa mwaka fulani ikiwa huna hakika. Wakikuuliza umewapataje, sema kweli: nilipewa na familia ya bibi niliyemtunza. Kweli hiyo inatosha, tena ni asili njema kuliko ya kutunga. Wakikuuliza kwa nini unawauza, waambie kwa adabu, “Nina haja na fedha, na hali yao ni kama nilivyowaeleza.” Hilo si uongo wala si kuivua nguo nyumba yako. Atakayetaka zaidi ya hapo, mwache aende zake. Riziki haikuandikwa kwa mnunuzi mmoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amponye mzee wetu, amfungulie dada yetu njia ya halali, na azitakase ndimi zetu sokoni kama tunavyotaka ziwe msikitini. Wabillahi tawfiq.