Maua ya kioo cha mlango yaangalie ndani, si kwa majirani

Wiki mbili zilizopita fundi alisimama mlangoni kwetu Kitengela, kioo mkononi, akauliza swali lililotugombanisha hadi chai ikapoa: "Mama, huu upande wa maua uangalie wapi?"

Ni kile kioo cha mapambo: vipande vya rangi vilivyoshikanishwa kwa vijiti vya madini ya risasi. Upande mmoja michoro imeinuka, ukipitisha kidole unaihisi. Upande wa pili ni laini. Mama akajibu mbio, "Nje! Watu waone." Mimi nikasema ndani. Fundi akaketi kwenye ndoo ya rangi akingoja tumalizane.

Naelewa kwa nini mathe alitaka nje. Hii nyumba ameijenga polepole, pesa za chama zikiingia ndipo mawe yananunuliwa. Wapo waliosema haitawahi kuezekwa. Na hoja yake ina mizizi: nenda Lamu uone milango ya mbao, nakshi yote inatazama barabarani, mpita njia ajue hapa pana mwenyewe.

Lakini mbao haipitishi mwanga, kioo kinapitisha. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Ingia kanisa la All Saints pale Nairobi mchana, vioo vya rangi vinawaka. Toka nje uvitazame tena: ni kama vimezimwa. Rangi huonwa na aliye upande wenye giza. Mchana ni wewe uliye sebuleni. Usiku ukiwasha taa, ni jirani aliye nje. Kugeuza kioo hakubadilishi hilo hata kidogo.

Kinachobadilika ni kazi ya kufuta. Kitengela kuna vumbi, na malori hayalali. Vumbi likiingia kwenye mikunjo ya michoro, halafu mvua ilirushie matope, utasugua kwa mswaki kila Jumamosi. Upande laini unapangusa kwa kitambaa mara moja, basi. Na atakayesugua ni nani? Si jirani.

Kitu kingine, usidanganyike kwamba michoro ni pazia. Mtu akisimama karibu na kioo usiku taa ikiwaka, umbo lake linaonekana, hata ukigeuza kioo mara kumi. Na kioo kikivunjwa, mkono unafika kwenye komeo. Weka grili kwanza, urembo baadaye.

Sasa niseme lililonichoma. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Hadi leo majirani wakiuliza, mathe huwaambia niko likizo. Likizo gani hii ndefu hivyo? Simlaumu, ananikinga. Lakini siku ile nilimwambia, "Mama, miaka yote tumeishi tukiangalia watu watasema nini. Mlango wako hata ukuangalie wewe." Akanyamaza. Kisha akamwambia fundi, "Haya, weka ndani, lakini kikiwa kibaya utakitoa bure."

Hakikuwa kibaya. Mlango wetu unatazama magharibi, kwa hivyo saa kumi na moja jioni sakafu inajaa vipande vya nyekundu na kijani, na mathe huvuta kiti pale pale kuchambua sukuma wiki. Giza likiingia na taa kuwaka, majirani nao wanaona rangi zao. Wiki jana mmoja alipiga hodi kuuliza fundi ni nani.

Kwa hivyo wewe unayejenga, au unayewajengea wazazi: amua kabla silikoni haijakauka. Laini nje, maua ndani. Anayelipia mlango ndiye wa kwanza kuufurahia.

Ile habari ya likizo, jirani akiuliza tena nitamjibu mwenyewe.