Umefunga Kula au Umefunga Mdomo?

Mwezi huu siwaletei kisa cha shoga yangu wala cha jirani. Nawaletea aibu yangu mwenyewe.

Jumatano ya Majivu ya mwaka 2025 iliangukia tarehe 5 Machi. Asubuhi na mapema nilikuwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresia, hapa Arusha mjini, nikapakwa majivu yale yanayotokana na matawi ya mwaka uliopita. Nikaahidi kuacha nyama, soda na umbea wa ofisini. Kutoka nje tu, nikajipiga picha na paji langu jeusi na macho ya toba, nikaweka kwenye status ya WhatsApp. Jamani! Katika Mathayo 6 Yesu anataka anayefunga anawe uso, watu wasijue. Mie uso wangu niliutangazia kila mwenye namba yangu.

Mume wangu aliiona ile picha. Hakusema kitu. Ilikuwa siku ya tisa hatusemeshani.

Kisa chenyewe? Mkataba wake wa kazi kwenye utalii uliisha Januari. Mwishoni mwa Februari tulikaa na rafiki zake kwenye nyama choma, naye, kwa uungwana wake, akataka kulipa bili. Nikacheka nikasema, "Utalipa na nini, baba? Hata ada ya mtoto natoa mie." Meza nzima ikanyamaza. Yeye akatazama chini.

Nyumbani nikajitetea: kwani nimedanganya? Na kweli, sikudanganya. Ndiyo maana ilinichukua muda kuona kosa langu. Ukweli niliuchukua nikampiga nao mume wangu mbele za watu. Tangu siku hiyo mtoto akawa tarishi: "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nimeshiba."

Jumamosi ya wiki iliyofuata tulikwenda kwa mama mkwe, Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mume wangu ni Mlutheri wa huko, mie Mkatoliki kutoka Uchagani. Mama akanipakulia ndizi na nyama. Nikasema kwa unyenyekevu wa kujionyesha, "Samahani mama, nimefunga."

Akamtazama mwanawe aliyekaa peke yake upande wa pili wa uwanja. Akanitazama mie. "Umefunga kula, mwanangu, au umefunga mdomo?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama hakuhubiri. Alinikumbusha tu habari ya Akeri, hapo hapo Meru. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale. Jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi, Wameru wakauawa na mali yao ikaporwa. Kila upande ukabaki na makaburi yake. Lakini mwaka 1902 misheni ilirudi, ikaanza kazi Nkoaranga, na leo Injili inahubiriwa kwa sauti za Wameru wenyewe. "Kama yale yalipatiwa njia," mama akasema, "la kwenu mbona dogo?"

Nikakumbuka mambo mawili. La kwanza, Isaya 58: watu wanamlalamikia Mungu kwamba wanafunga na haoni, kumbe siku ile ile ya kufunga wanagombana na kupigana ngumi. La pili, desturi ya kwetu Uchagani. Aliyekosa huchuma jani la isale, akampelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale ukakataa kusamehe, lawama inahamia kwako.

Masale yalikuwepo pale uani. Nikachuma jani moja, nikavuka uwanja miguu ikitetemeka, na shemeji zangu wanatazama. Nikamwambia, "Baba, nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nisamehe."

Alilishika lile jani muda mrefu, kimya. Hakunikumbatia kama kwenye sinema. Alisema tu, "Mvua inakuja, twende." Ila njiani, tulipofika Tengeru, akaanza kuongea. Akaniambia jinsi anavyoogopa kila mwezi ukiisha, na jinsi kicheko changu kilivyomuuma kuliko kukosa kazi. Mie nilidhani ananuna, kumbe mwenzangu ana hofu. Wiki iliyofuata niliwapigia simu rafiki zake, mmoja mmoja, nikakiri kosa langu. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuacha nyama, nawaambieni!

Sasa wewe mwenzangu unayefunga huku mmelala mzungu wa nne na hakuna anayesema usiku mwema, hebu soma Mathayo 5, mstari wa 23 na 24. Pale sadaka inaachwa madhabahuni, kwanza unakwenda kupatana. Na kama ulimwaibisha mbele za watu, usimwombe radhi chumbani tu. Wale waliosikia tusi wasikie na msamaha. Usianze na "nisamehe, lakini na wewe..." Hiyo "lakini" ni kesi mpya.

Toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukitoa Jumapili 6, zinabaki 40 za kufunga. Kumwendea mwenzio kunahitaji jioni moja tu. Kwa nini isiwe leo?

Tukutane mwezi ujao.